Nimebadilisha taa ya nyuma ya pikipiki mwenyewe nyumbani: nilipokosea na nilivyorekebisha

#1 Boxer wa Tabata

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu, nivumilieni. Mwezi uliopita nusura nigongwe kutoka nyuma, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa nimebadilisha taa ya nyuma ya Boxer yangu. Nilinunua mkanda wa taa ndogo nyekundu za LED Kariakoo, nikaubandika ndani ya kava, nikaunga waya, ikapendeza. Vijana wa kijiweni wakaniuliza nimeinunua wapi. Siku ya tatu, saa moja usiku, niko Barabara ya Mandela natokea Ubungo kwenda Buguruni, foleni ya malori ya bandarini inasogea kwa kuvizia. Gari dogo mbele yangu likasimama ghafla, nami nikashika breki zote mbili. Nyuma nikasikia tairi zinalia. Daladala ilisimama hatua moja kutoka kwenye namba yangu. Konda akatoa kichwa dirishani: "Kaka, taa yako inawaka vilevile muda wote, tutajuaje umeshika breki?"

Nilipofika nyumbani nilifungua kava usiku uleule, sikusubiri asubuhi.

Globu ya kiwandani kwenye pikipiki nyingi tunazoendesha hapa mjini ni ya volti 12, imeandikwa 21/5W. Ndani ina nyuzi mbili. Uzi wa wati 5 unawaka ukiwasha taa, wa wati 21 unawaka ukigusa breki. Kitako chake kina vipini viwili ambavyo havilingani kimo, kwa hiyo haiingii kwenye holda kinyume hata ulazimishe. Waya zinazofika pale ni tatu: ya taa, ya breki, na athi (waya hasi). Mimi nilichukua ya taa na ya breki nikazisokota pamoja, kwa sababu mkanda wangu ulikuwa na waya chanya mmoja tu. Matokeo yake taa iliwaka kwa nguvu zote tangu nawasha swichi hadi nazima. Na ubaya zaidi, kwa kuunga vile umeme wa waya wa taa ulikuwa unarudi kwenye waya wa breki muda wote.

Dereva aliye nyuma yako anachosubiri ni ile taa kubadilika. Ikikaa vilevile, iwe kali namna gani, kwake ni taa ya nyuma tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za vyombo vya moto zinataka taa ya breki inayokaa pamoja na taa ya nyuma iwe na mwanga angalau mara tano ya ile ya kawaida. Baada ya lile tukio nimeelewa kwa nini waliona haja ya kuandika namba.

Kwa nini basi nisirudishe globu tu? Nilifikiria. Lakini njia yangu ya kila siku ni mashimo na mawe, na uzi wa globu unakatika kwa mtikisiko. Nimeshabadilisha globu mara nyingi, na mara zote niligundua imeungua baada ya mtu kuniambia njiani. LED haina uzi wa kukatika. Halafu ule uzi wa wati 21 unakula karibu ampea 1.75 kila ukishika breki, wakati LED nilizofunga sasa, zote kwa pamoja, zinakula kama ampea 0.1. Ukikaa kwenye foleni ya Kimara mguu uko kwenye breki na injini iko sailensa (inaunguruma bila kwenda), betri inaona tofauti.

Kuna jambo la tatu ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Uzi wa globu lazima upate moto kwanza ndipo utoe mwanga kamili, na hilo linachukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde. LED inawaka papo hapo. Anayekufuata kwa kilomita 60 kwa saa anatembea mita 3 na zaidi ndani ya muda huo. Daladala ile ilisimama hatua moja nyuma yangu, kwa hiyo mita 3 siwezi kuziona kuwa kitu kidogo.

Basi, nilivyotengeneza mara ya pili.

Nilichukua LED nyekundu 24 za kawaida, zile ndogo za milimita 5. Kila moja inataka kama volti 2, na umeme usizidi miliampea 20. Nikazipanga nne nne, mguu mrefu wa moja unapokea mguu mfupi wa mwenzake, ikawa misururu sita. Kila msururu una rezista yake (kifaa cha kupunguza umeme) ya ohm 330. Usiweke rezista moja kwa misururu yote ukadhani umeokoa hela: LED hazilingani, mmoja utabeba zaidi ya wenzake, utakufa, na iliyobaki itafuata. Zote nimezichomelea kwa lehemu kwenye bodi yenye matundu niliyoikata kwa msumeno wa chuma ifuate umbo la kava.

Waya wa breki unapita kwenye dayodi moja, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu (1N4007, ipo duka lolote la vifaa vya redio), kisha unaingia kwenye misururu yote sita. Waya wa taa nao unapita kwenye dayodi yake, halafu kwenye rezista nyingine ya ohm 330 ya nusu wati, ndipo unakutana na ule wa breki. Hiyo rezista ya ziada ndiyo inapunguza mwanga wa kawaida. Dayodi mbili zinazuia umeme wa upande mmoja usirudi upande mwingine, yaani lile kosa langu la kwanza. Mstari mweupe wa dayodi uelekee kwenye LED.

Kwa hesabu, pikipiki ikichaji vizuri kwenye volti 14.4, kila msururu ukishika breki unapata kama miliampea 17, na taa ya kawaida inapata kama 2.5. Ni zaidi ya mara sita. Nimesimama mita thelathini nyuma, mdogo wangu anashika na kuachia breki, tofauti inaonekana wazi jua la saa nane mchana.

Jambo moja nilisahau hadi nilipofunga kila kitu: chini ya kava kuna kidirisha kisicho na rangi kinachomulika namba. Globu ilikuwa inamulika kote, LED nyekundu hazimuliki kule. Nikaongeza LED mbili nyeupe zikitazama chini, zimeungwa kwenye waya wa taa na rezista yao. Bila hizo namba yako usiku haisomeki, na trafiki ana haki ya kukusimamisha.

Maswali karibuni. Rangi za waya sitaji, kila kampuni ina zake. Tumia testa, usiamini rangi.

#2 Dereva wa Semi

Mleta uzi, hongera kwa kusema ukweli. Naomba niongee kama mtu wa upande wa pili. Naendesha semi kutoka bandarini, Mandela nakujua usiku na mchana.

Pikipiki nyingi zilizobadilishwa taa, ukiwa mbali zinaonekana vizuri sana. Ukisogea karibu, mimi nikiwa juu kwenye kabini, taa inapotea kabisa. Yaani taa ipo, ila mwanga wake umenyooka kama tochi na unapita chini yangu. Globu ilikuwa haina shida hiyo.

Ukimaliza kufunga, panda juu ya ukuta au kwenye ngazi ukiwa karibu na pikipiki, uitazame kwa kushuka. Usipoiona, na mimi sikuoni. Na huko chini ya bampa langu ndiko mnakopenda kupenya foleni ikisimama.

#3 Boxer wa Tabata

Mzee wangu, asante. Nimetoka sasa hivi kupanda kwenye tofali za jirani, na uko sahihi. Zangu nikiwa juu zinafifia mno.

Sababu yake ni kichwa cha LED. Zile za mviringo zenye kichwa kirefu zinakusanya mwanga kwenye pembe nyembamba, digrii 20 au 30 tu. Globu inatupa mwanga pande zote, kisha kioo cha nyuma kinausambaza. Kuna LED za kichwa bapa kilichotanda kama kofia, hizo zinafika digrii 120. Kesho nafuata hizo Kariakoo. Misururu miwili ya katikati nitaiacha na zile za kichwa kirefu zinazoonekana mbali, minne nibadilishe.

#4 Dada wa Kigamboni

Habari za jioni jamani. Mimi nasambaza vyakula kwa pikipiki, navuka na pantoni kila siku. Taa yangu ilishafunguliwa na fundi mwaka jana, tangu siku hiyo inaingiza maji. Sasa ndani kuna ukungu, na vyuma vya holda vimeota rangi ya kijani. Kaka, ulifungaje baada ya kufungua? Na kama kava limegandishwa kwa gundi na halina skrubu, linafunguliwaje bila kupasuka?

#5 Boxer wa Tabata

Dada, swali lako lilitakiwa liwe kwenye uzi tangu mwanzo.

La kwangu lina skrubu mbili na mpira wa kuzuia maji, kwa hiyo ilikuwa rahisi. La gundi tumelifungua la rafiki yangu kwa mashine ya kukaushia nywele ya saluni. Unazungusha joto kwenye ukingo taratibu hadi gundi ilainike, unapenyeza kitu bapa cha plastiki, unasogea kidogo kidogo. Dakika ishirini na zaidi. Usitumie moto wa jiko wala kiberiti, plastiki ile inajikunja na hairudi.

Kusafisha tumia maji ya sabuni tu. Petroli na tina (ya kuzimulia rangi) zinakula plastiki ya taa, utaona nyufa ndogondogo kama utando wa buibui na haziondoki. Gundi ya supa glu nayo isikae ndani ya kava: mvuke wake unaganda kwenye kioo na kuacha weupe.

Sasa hiyo kijani. Inaweza kuwa chumvi ya bahari, lakini nakuuliza, fundi alifunga na silikoni inayonuka kama siki? Silikoni ile inatoa asidi wakati inakauka, na asidi inakula shaba. Wengi hawalijui hili kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tafuta isiyo na harufu ya siki. Na chini kabisa ya kava kuna kitundu kidogo. Wengi wanakiziba wakidhani ni kosa la kiwanda, kumbe ndipo maji na mvuke hutokea. Ukiziba pale, ukungu hautoki hadi masika yaishe.

Bodi yangu niliipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, kwa nyuma kwenye lehemu zote.

#6 Kijana wa Mbagala

Wakuu mnajitesa. Globu za LED za kuchomeka zipo tele, unatoa ile unaweka hii, dakika mbili. Na mimi nimeweka ya kupepesa, nikishika breki inawaka na kuzima haraka haraka, hakuna asiyeniona. Kava nimelipulizia rangi nyeusi kidogo lionekane la kisasa.

#7 Boxer wa Tabata

Mdogo wangu, la kwanza nakubaliana nawe nusu. Za kuchomeka zipo, na nzuri zipo, na kwa asiye na pasi ya kulehemu hiyo ndiyo njia. Ila chukua nyekundu. Nyeupe ndani ya kioo chekundu inatoa pinki iliyofifia, kwa sababu mwanga mweupe wa LED umetokana na bluu iliyopakwa manjano na wekundu ndani yake ni mchache. Kioo kinazuia karibu vyote vingine. Na kabla hujalipa, mwombe muuza duka aichomeke kwenye betri, uone kama kuna tofauti ya taa na breki. Mimi nilipewa moja ambayo haikuwa na tofauti yoyote.

Kwa kupepesa nakuomba uondoe. Nasema hivi nikiwa nimeogopa kweli mwezi uliopita. Nyuma yako kwenye foleni usiku kuna taa mia, na macho ya dereva yamechoka. Breki ni taa moja inayokolea na kubaki imekolea hadi uachie. Ikipepesa, anayekufuata anajiuliza kama ni indiketa, ni gari la dharura, au waya umelegea, na wakati anajiuliza anasogea.

Hiyo rangi nyeusi nayo inakula mwanga mchana na usiku. Na ile sehemu ya kioo inayorudisha mwanga wa gari la nyuma hata pikipiki ikiwa imezimika, umeshaifunika. Siku betri ikikufia Barabara ya Kilwa usiku, utabaki na hiyo tu.

#8 Fundi Gongo la Mboto

Salaam. Niongeze la kiufundi, maana nitaletewa pikipiki zenu zikiungua.

Siyo kila pikipiki taa yake ya nyuma inatumia umeme wa betri. Ndogo nyingi, hasa za zamani, taa ya mbele na ya nyuma zinapata AC (umeme unaogeuka mwelekeo kila mara) moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. Breki, honi na indiketa ndizo zinatumia betri. Kipimo chake hakihitaji hata testa: washa swichi na taa, injini ikiwa imezimwa. Taa ya nyuma isipowaka, na ikawaka ukipiga stata, hiyo ni AC.

Kwenye AC, LED isiyo na dayodi mbele yake inapata umeme wa kinyume kila mzunguko, na LED nyingi uwezo wao wa kinyume ni volti 5 tu. Ndiyo maana zinakufa wiki ya pili na mtu anailaumu LED. Mpangilio wa mleta uzi una dayodi, kwa hiyo hazitakufa, lakini zitacheza injini ikiwa sailensa. Mimi nawahamishia waya wa taa kwenye umeme wa betri unaopita kwenye swichi ya ufunguo, na fyuzi yake ndogo. Kwa LED mzigo ni mdogo, betri haiumii. Kwa globu nisingeshauri.

Pili, pima chaji kabla hujafunga chochote. Testa kwenye betri, injini inazunguka kiasi: iwe kati ya 13.5 na 14.5. Nimeona zinazofika 16 kwa sababu reguleta (kidhibiti cha chaji) imekufa. Hapo utafunga LED za dhahabu na zitaungua tu.

#9 Boxer wa Tabata

Fundi, shukrani. La AC nilikuwa silijui kabisa, yangu inawaka bila injini ndiyo maana halikunipata.

#10 Abiria wa Segerea

Mimi sina pikipiki, ni abiria wa bodaboda asubuhi na jioni. Naomba kuuliza, sheria inasemaje? Maana ukimwambia dereva taa yake haiwaki anakwambia trafiki hawajali.

#11 Fundi Gongo la Mboto

Dada au kaka, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo inayobana taa za vyombo vyote, pikipiki ikiwemo. Taa ya nyuma ni nyekundu. Bluu, kijani, na hizo zinazobadilika rangi kama ukumbini, ukisimamishwa usijitetee. Kwangu nikiletewa kazi ya namna hiyo nairudisha. Na wewe kama abiria, kabla hujapanda mwambie ashike breki, utazame. Ni sekunde mbili.

#12 Boda wa Mwenge

Wazee, taa yangu ya breki inawaka nikikanyaga tu, nikishika ya mkono haiwaki. Na hata ya mguu inawaka nikiwa nimeshakanyaga sana. Nimebadilisha globu mara mbili.

#13 Fundi Gongo la Mboto

Globu yako ni nzima. Kuna swichi mbili. Ya mkono iko chini ya kishikio cha breki ya mbele, ni ndogo na inajaa vumbi na maji. Itoe, chomoa waya zake mbili, ziunganishe kwa kipande cha waya. Taa ikiwaka, swichi imekufa, badilisha. Isipowaka, fuata waya hadi kwenye taa kubwa, mara nyingi umekatikia kwenye shingo pale usukani unapopinda.

Ya mguu inavutwa na springi kutoka kwenye kanyagio. Ina nati ya plastiki. Shika mwili wa swichi usizunguke, zungusha nati hadi swichi ipande juu kidogo. Ukizungusha mwili wenyewe utakata waya. Irekebishe hadi taa iwake kabla breki haijaanza kukamata, kwenye ule mchezo wa kwanza wa kanyagio.

#14 Boda wa Mwenge

Ya mguu imekubali, Mungu akubariki. Ya mkono nimeunganisha waya kama ulivyosema, taa imewaka. Kesho nanunua swichi.

#15 Dada wa Kigamboni

Nimefungua leo. Ilikuwa silikoni ile ya siki kweli, na kitundu cha chini kilikuwa kimezibwa nayo. Nimekwangua yote, nimesugua holda kwa msasa laini hadi shaba ikarudi, nimeacha kava juani. Kwa sasa nimeweka globu mpya ya kawaida 21/5W, LED nitafanya nikipata siku ya mapumziko.

#16 Boxer wa Tabata

Dada, hiyo ni kazi nzuri sana, na globu nzima kwenye holda safi haina ubaya wowote.

Wakuu, nimebadilisha LED kumi na sita kwa zile za kichwa bapa. Jioni hii nimepaki nje, mdogo wangu kwenye breki, mimi juu ya tofali, mita mbili nyuma. Naiona ikiwaka, naiona ikikolea. Kisha nimemwomba jirani mwenye Fuso akae kwenye usukani wake, pikipiki iko mbele ya bampa lake. Akashusha kioo akasema, "Shika... achia... shika. Naiona."

#17 Dereva wa Semi

Sawa kijana. Ukinikuta TAZARA, piga honi.